Picha ya Kifua cha Jenoveva

Butiama,
9 Machi 1958

Mpendwa Kijakazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na nimekaa na kalamu tangu mchana nikitafuta namna ya kulianza. Basi nalitoa hivyohivyo lilivyo. Katika boma letu lote, mimi peke yangu najua kwamba Jenoveva ana mimba. Na mimi peke yangu najua kwamba anakohoa damu.

Unamkumbuka Jenoveva? Ndiye mke wa mama yangu. Siku ile bwenini nilipokueleza uliita wenzako, "Njooni msikie, mama yake Petronila ameoa!" nami nikaingia chini ya blanketi mpaka kengele ya asubuhi. Lakini kwetu hicho si kichekesho. Baba alipokufa hakuacha mtoto wa kiume, aliniacha mimi tu, na mimi siku moja nitaolewa niende. Basi Mama akatoa ng'ombe, akamleta Jenoveva kutoka Buswahili aje azae kwa jina la nyumba yetu. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita. Padri alikasirika na Mama hapokei komunyo tangu mwaka juzi. Yeye anasemaga padri hana zizi la kurithisha, atajua nini.

Jenoveva ndiye mtu pekee hapa ninayeongea naye. Mama anajua Kizanaki tu, na Kizanaki changu kimetoboka miaka yote ile ya skuli. Nikifungua mdomo kisimani wasichana wananiita Misisi, kana kwamba mimi ni Mzungu, basi nachota maji yangu kimya na kurudi. Zinapita siku sijasikia sauti yangu. Jenoveva haniiti Misisi. Ananiita binti ya bwana wangu. "Binti ya bwana wangu, njoo unitoe mwiba." Tunacheka.

Mwaka jana alipata mimba ikatoka, kwa sababu jirani aliitaja mbele za watu. Hivyo ndivyo wanavyosema wote, na yeye anaamini. Kwetu mimba changa haitajwi. Ukiulizwa unasema hapana, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Safari hii hata Mama hajamwambia. Aliniambia mimi kwa kuwa tunalala chumba kimoja na aliona nimeshajua, akaniapisha. Kuhusu damu alisema ni fizi. Si fizi, Kijakazi. Nilimwona nyuma ya ghala. Ilikuwa na povu.

Sasa limetangazwa barazani kwamba baada ya Pasaka litakuja gari Bunda, lenye mashine ya eksirei ya kupiga picha vifua vya watu. Mama amesikia kile kikohozi tu, anataka kumpeleka. Kaka yako Yunusu anafanya kazi na mashine hiyo hapo hospitali. Muulize, usimtaje mtu: mwanga ule ukiingia kifuani unaishia wapi? Kuna mzee hapa aliyekwenda vita vya Bama, anasema ni ndugu wa mwanga ule uliounguza miji ya Wajapani, na waliopona wakazaa watoto wasio kamili. Kitabu cha Kiingereza nilichorudi nacho kutoka skuli kinasema eksirei ni zawadi kubwa kwa wagonjwa. Lugha mbili, habari mbili, na mimi nimekaa katikati.

Nijibu upesi.

Wako,
Petronila Wambura


Musoma,
17 Machi 1958

Shoga yangu Petronila,

Barua yako imefika imekunjika kama chapati ya safari. Kwanza nisamehe kile kicheko cha bwenini. Nilikuwa mtoto. Mungu amenilipa, sasa nipo ndani, sitoki hata mlangoni, naozwa baada ya Idi. Mtu mwenyewe nimemwona mara moja, kwa upenyo wa pazia, nikaona bega.

Haya, swali lako. Baba yangu umjue alivyokuwa. Mwaka juzi baba yangu huyo, Fundi Hasani, alikonda mpaka ile tepu yake ya kupimia wateja ilimzunguka mara mbili. Watu wakasema karogwa na mafundi cherehani wa Bunda kwa wivu. Yunusu akamburuta hospitali akipiga kelele barabara nzima, "Niacheni nife na heshima yangu!" Wakampiga picha, wakaona juu ya pafu la kushoto kitundu cha kama kifungo cha shati. Akachomwa sindano miezi na miezi. Leo anakanyaga cherehani na kutukana wateja kama zamani. Bila ile picha tungeshamsomea hitima.

Nilimuuliza Yunusu, "Kaka, mwanga ule una ubaya?" Akauliza, "Kwa nani?" Nikasema kwa mtu tu. Akasema, "Mtu tu hana neno. Anasimama, anavuta pumzi, anaibana, basi. Hata joto hasikii."

Umesikia? Hana neno. Mpeleke. Yunusu mwenyewe atakuwa na hilo gari Bunda. Mrefu, koti jeupe, hukosi kumjua.

Nakutumia sato wakavu kwa kondakta wa basi. Asipokupa, ameshawala.

Wako shoga,
Kijakazi binti Hasani


Butiama,
26 Machi 1958

Mpendwa Kijakazi,

Sato wamefika, kasoro mmoja, kondakta anasema alianguka mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nikamwambia Jenoveva hakuna neno, kaka wa rafiki yangu amesema, na yeye ndiye mwenye mashine. Alikaa akitazama mikono yake, kisha akasema, "Kama ni wewe unasema, nitakwenda." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Lakini kuna balaa. Mwalimu wa misheni ametaja jina langu niwe mkalimani wa wanawake siku hiyo, kwa sababu ya Kiingereza changu. Mama amewatangazia majirani, na wanawake wa kilima kizima wanasema watafuatana nasi. "Binti yangu ndiye mdomo wenu," anawaambia. Mdomo, mimi! Mimi ambaye nikiitwa jina kanisani natetemeka.

Niombee kwa dini yako, na mimi nitaomba kwa yangu.

Petronila


Musoma,
5 Aprili 1958

Petronila,

Naandika haraka, basi linaondoka na mtoto wa jirani amesimama hapa anangoja bahasha. Nilikuficha jambo. Sikulificha kwa ubaya. Ni jambo la nyumbani ambalo hatulisemi.

Yunusu hana vidole viwili vya mkono wa kulia. Vilivyobaki vina vidonda visivyofunga, na kucha zimekufa. Nje anavaa glavu, na ndani anakula kwa kijiko akitupa mgongo. Ni mwanga ule. Si wa Musoma, ni wa vitani, alipokuwa katika hospitali ya jeshi akiwashikilia majeruhi mbele ya mashine wasitikisike. Kila siku, miaka minne, mikono mitupu.

Jana nilishindwa, nikamwambia: yule mtu tu ana mimba. Akasimama. "Mbona hukusema? Mwambie aseme! Asiposema hatutajua kumfunika." Anasema kuna vazi zito lenye madini ya risasi ndani yake, mwanga haulipenyi, wanamfunga mama tumboni.

Aseme tu. Hilo ndilo kubwa.

Kijakazi


Butiama,
13 Aprili 1958

Kijakazi,

Barua yako ya tarehe tano nimeikuta hapa nyumbani tulipotoka Bunda. Ilikuwa imefika asubuhi ileile tuliyoondoka.

Nikueleze. Gari lilisimama karibu na ginneri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, jenereta linanguruma, wanaume mstari wao na wanawake mstari wao. Nesi wa Kizungu akaniweka kando yake. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza kila mwanamke: una mimba? Sasa nyuma ya kila mmoja amesimama mama mkwe wake, na shangazi, na jirani. Wote wakasema hapana. Akafika mmoja tumbo liko mbele kama mtungi. Hapana. Nesi akaniambia kwa Kiingereza, "Huyu naye? Muulize tena." Nikauliza tena. Yule mama akasema, "Mwambie Mzungu nimeshiba ugali." Mstari wote ukaangua kicheko, na nesi akacheka bila kujua anacheka nini. Nilipaswa kumweleza kwamba kwetu hapana hiyo si hapana. Kiingereza cha kusemea hilo nilikuwa nacho chote mdomoni. Nikatazama chini.

Ikafika zamu ya Jenoveva, Mama nyuma yake. Nikauliza. Jenoveva akanitazama machoni. "Hapana. Binti ya bwana wangu, mwambie hapana."

Wakati huo Yunusu akashuka garini. Jua lilikuwa kali, akavua glavu ajifute jasho. Nikaviona vidole vyake, Kijakazi. Mimi sikuwa nimejua. Kama mahindi yaliyosahauliwa motoni. Sijui nilipata wapi sauti, nikamuuliza kwa Kiswahili, "Kaka, umeungua na nini?"

"Na mwanga huuhuu, dada," akasema, na alitaka kuendelea, lakini nesi alimwita.

Nilimshika Jenoveva mkono nikakimbia. Bila neno kwa Mama, bila neno kwa nesi. Tukakimbia mpaka nyuma ya ghala la pamba, Jenoveva akainama akakohoa mpaka akakaa chini. Nyuma yetu nikasikia mwanamke anasema, "Msomi amekimbia!" Na mwingine, "Aliyesoma Kizungu amekimbia, sisi tunangoja nini?" Nilipochungulia, mstari wa wanawake ulikuwa umekwisha. Wanaume walibaki wanatazamana. Nesi alisimama na kalamu yake hewani. Nilitaka kurudi niseme sivyo, ngojeni. Sikurudi.

Mama ananisifu. Maisha yangu yote sijasifiwa na Mama, na sasa ananisifu kwa hili. Anawaambia watu kwamba binti yake aliona kilichofichwa. Amemletea Jenoveva magome ya kuchemsha na amekataza hospitali kutajwa katika boma lake. Jenoveva anakunywa magome. Damu haijakoma.

Niambie wewe, nimemwokoa au nimemuua?

Petronila


Musoma,
22 Aprili 1958

Shoga yangu,

Idi imepita, nimevaa gauni aliloshona Baba na sikuonja pilau. Nilimsomea Yunusu barua yako. Usinikasirikie. Alivua glavu mbele yetu sote, kitu ambacho hajafanya tangu atoke jeshini, akaiweka mikono juu ya meza karibu na sahani. Akasema, "Andika."

Ndiyo haya anayosema. "Dada, hukukosea kuogopa. Umeogopa jambo la kweli. Lakini mimi nilisimama humo kila siku, miaka minne, mikono mitupu. Mgonjwa wako atasimama mara moja, kwa kufumba na kufumbua, kifua peke yake, na tumbo limefunikwa. Na hata kabla ya hapo, akisema ana mimba wataanza na makohozi, yanapimwa kwa darubini, hakuna mwanga hapo. Picha wataipiga ikibidi."

Nikamwambia, "Basi apa kwamba mtoto hatapata neno, nimwandikie Petronila atulie." Akakataa. "Siapi. Daktari mwenyewe haapi. Huko Ulaya wameanza kuandika kwamba watoto waliopigwa picha wakiwa tumboni, wachache wao wanapata ugonjwa wa damu baadaye. Wachache. Wengine wanabisha. Lakini kifua kinachotema damu hakingoji wamalize kubishana."

Baba alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu, akadakia bila kuulizwa, unamjua. "Pasi ya mkaa ni moto, nani hajui? Kaki unaipiga hivihivi. Hariri unaweka kitambaa chenye maji juu yake. Hutupi pasi kwa sababu ya hariri, wala huichomi hariri kwa sababu unayo pasi. Ila mteja aniambie kwamba ni hariri! Akinyamaza, akija kunililia hapa nitamfukuza."

Mama akamwambia anyamaze, watu wanazungumza mambo ya maana.

Petronila, umeuliza umemwokoa au umemuua. Sijui. Bado hujafanya lolote kati ya hayo. Wale wanawake wote huwezi kuwarudisha kwa siku moja. Anza na mmoja. Mwambie mama yako.

Naolewa Jumamosi. Nimejua sasa kwamba tutakaa Rukuba, bwana harusi ananunua dagaa kule kisiwani. Barua zitangoja mtumbwi, na mtumbwi utangoja mawimbi. Nimeshona mfuko wa kuwekea zako. Usiku sipati usingizi, najiuliza ni nani kule atakayenijua jina kabla ya kuniita mke wa fulani.

Niandikie hata kama hutajibiwa upesi.

Kijakazi


Butiama,
29 Aprili 1958

Jenoveva ana mimba. Anakohoa damu tangu Februari. Akipelekwa hospitali Musoma na akasema ana mimba, watapima makohozi kwanza, na wakimpiga picha watamfunika tumbo. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mtoto hatapata neno. Lakini asipotibiwa tutamzika yeye pamoja na mtoto, na hilo naweza kuapa mimi.

Nisamehe, Kijakazi, nimeweka haya juu kabisa kabla ya salamu. Utaona kwa nini.

Jana Jenoveva alikuwa anasaga mtama. Nikasikia jiwe limenyamaza. Nilipofika, unga wote ulikuwa mwekundu, naye anaufunika kwa mikono kama mtoto aliyemwaga maziwa. Mama akaja akauliza. Akasema kajing'ata ulimi. Mama akaufukia ule unga, akaenda kuchemsha magome mengine. Nadhani hakuamini. Nadhani anaogopa kama mimi.

Baadaye nilimweleza Jenoveva yote ya Yunusu. Sikumficha hata lile la kukataa kuapa.

"Basi hata wao hawajui," akasema.

"Hawajui yote."

"Na wewe unataka niitaje mimba kwa kinywa changu, niipoteze tena."

Nikamwambia mimba ya mwaka jana haikutoka kwa maneno ya jirani. Akaniuliza, "Umelisoma wapi hilo? Kuna kitabu kimeandika habari za tumbo langu?" Nikamwambia kama hasemi yeye, nitasema mimi. Kisha akasema, "Ukisema, mimi na wewe basi. Nitakaa humu kama mke wa mama yako, na wewe utakaa kama mtoto wa mwenye nyumba. Sitakuita tena." Akageukia ukuta.

Wewe uko Rukuba. Yeye ndiye niliyebaki naye. Nimeyapima hayo pia, usifikiri sikuyapima. Mikono ya Yunusu upande huu, kifua cha baba yako upande ule, na mimi mwenyewe hapa katikati, nisiye na wa kuongea naye. Nikaona mimi ndiye mwepesi kuliko vyote.

Tangu asubuhi nimejaribu. Nilimfuata Mama zizini, nikasaidia kukamua, nikafungua mdomo, nikasema ng'ombe huyu ana kupe. Nilimfuata shambani, nikasema mvua. Akaniuliza kama naumwa. Kusema siwezi, Kijakazi, sijaumbiwa. Ila kusoma nawezaga. Watu wakimletea Mama barua za watoto wao walioko migodini, mimi ndiye ninayewasomea, na sauti hutoka bila shida kwa kuwa maneno yapo tayari kwenye karatasi, sina budi kuyafuata. Nayageuza Kizanaki palepale, mstari kwa mstari. Kwa hiyo nimeyaandika pale juu kwa kifupi, nimsomee Mama kama barua, kwa maneno ambayo Kizanaki changu kinayafikia.

Basi la Musoma linapita kesho asubuhi. Jenoveva ana nguvu ya kutembea mpaka barabarani akishikwa. Kama hatanikubali nimshike mimi, Mama atamshika.

Nasikia makatambuga ya Mama uani, anaburuta ule mguu wake mbovu. Na nyuma yake kikohozi. Wanakuja pamoja. Sikupanga hivyo, nilitaka Mama peke yake.

Mkono umekwenda wenyewe kuigeuza karatasi chini, kama kawaida yangu akitokea mtu. Nimeirudisha. Inatazama juu, wino wa mwisho haujakauka.

Mama anauliza toka mlangoni, barua ya nani hiyo.

Ya kwako, Mama